Dirisha linalotazama boti: vyumba viwili katika safari moja ya Alaska

"Mwanangu, mimi sitaki kulazwa ngamani." Ndivyo mama alivyoniambia kwenye simu, na kwa mtu aliyezaliwa Lamu neno hilo si dogo. Ngama ni tumbo la chombo, kule chini kabisa yanakojikusanya maji ya kufutwa, na wazee wetu walisema kwenda tezi na omo, yaani nyuma na mbele ya chombo, marejeo ni ngamani. Dada yangu alikuwa amemweleza kwamba chumba watakacholala melini hakina dirisha. Yeye akasikia ngama.

Mimi nakata tiketi za safari hapa Mombasa, basi kila wanaposafiri shauri huja kwangu. Dada anaishi Kent, kusini mwa Seattle, pamoja na mume wake na wavulana wao wawili, mmoja miaka 16 na mwingine 13. Mama ana miaka 72, ana kadi ya kijani, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu Marekani, na wakati huo alikuwa kwao. Walitaka kwenda Alaska kwa meli mwezi wa Juni: usiku saba, kutoka Seattle na kurudi Seattle, wakipitia Juneau, Skagway, Glacier Bay yenye mito ya barafu, Ketchikan na Victoria ya Kanada. Watu watano, vyumba viwili. Chumba cha shemeji na watoto hakikuwa na ubishi: cha ndani, vitanda viwili chini na kimoja cha kukunjua kutoka ukutani. Mzozo ulikuwa juu ya chumba cha mama na dada.

Kabla ya vyumba, neno moja la viza, kwa sababu nimeona watu wakilumbana juu ya dirisha ilhali hata safari yenyewe hawaruhusiwi. Kuna sheria ya Marekani ya mwaka 1886 inayozuia meli ya bendera ya kigeni kuchukua abiria kwenye bandari ya Marekani, kumzungusha bandari za Marekani tupu, kisha kumrudisha alikotoka. Lazima iguse nchi nyingine. Ndiyo maana meli nyingi za Seattle hupitia Victoria. Mama kwa kadi yake ya kijani na pasipoti ya Kenya hahitaji viza ya Kanada. Aliye na viza ya Marekani ya kutembea tu, juu ya pasipoti ya Kenya au Tanzania, amalize kwanza mambo ya Kanada ndipo achague chumba.

Sasa bei. Siku niliyofungua, kwa kila mtu kwenye chumba cha watu wawili, nilikuta hivi: cha ndani dola 679, chenye dirisha lililozibwa, yaani mbele yake zimening'inia boti za uokoaji, 779, chenye dirisha wazi 1,019, chenye roshani 1,499. Kodi na ada za bandari ni zilezile kwa kila abiria, na bakshishi ya kila siku ni ileile kwa chumba cha ndani na cha dirisha, kwa hiyo tofauti ya bei niliyoiona ndiyo tofauti yenyewe. Kutoka chumba cha ndani kwenda dirisha lililozibwa ni dola 200 kwa wawili, yaani chini ya dola 29 kwa usiku. Kutoka dirisha lililozibwa kwenda dirisha wazi ni dola 480 nyingine. Roshani tuliiacha mapema. Dada aliitamani, lakini ilikuwa inakula fedha zote za kushukia bandarini.

Shemeji alikuwa na hoja nzuri na sitaki kuipunguza. Alisema chumbani watu wanalala tu. Chakula kiko ukumbini, mandhari iko sitahani, na siku ya Glacier Bay hakuna mwenye akili atakayekaa chumbani. Tena televisheni ya chumbani ina chaneli inayoonyesha picha ya kamera iliyoko omoni saa zote, basi dirisha la bure hilo. Na kwa hizo dola 200, akasema, mtu mmoja anakwenda kuangalia nyangumi Juneau. "Dirisha lenyewe linatazama boti," akamalizia. "Tunalipa kutazama ubavu wa boti?"

Hapo ndipo wengi wanapokwama, na nimeliona hilo kwa wateja wangu pia. Mtu akisoma "dirisha lililozibwa" analilinganisha na dirisha wazi, anaona amepunjwa, analikimbia. Lakini kwa bei, jirani yake wa karibu ni chumba cha ndani. Aliyekwisha kukubali chumba cha ndani hapunjwi kitu, anaongezwa. Swali likabaki: anaongezwa nini, ikiwa bahari yenyewe haionekani vizuri?

Niliona nisijibu kwa kubuni. Nikamwomba dada anipangie siku ya mama saa kwa saa, kama anavyoishi nyumbani kwake Kent, si kama wanavyotumaini ataishi melini. Akaniletea kwa sauti ya WhatsApp. Mama anaamka kuswali alfajiri, halali tena, anasoma Kurani mpaka staftahi. Akitoka kula, magoti yanamuuma, anajinyoosha. Anaswali adhuhuri. Analala kidogo mchana. Anaswali alasiri. Jioni anashuka sebuleni kukaa na wajukuu, anarudi chumbani mapema. Nilipojumlisha nikapata muda wa karibu saa nane ndani ya chumba kila mchana. Kwa shemeji nilipata labda saa moja. Wavulana sikuwahesabia kitu, kwani mchana hawangekuwamo, na usiku wangekuwa wamelala.

Kwa hiyo maneno ya shemeji kwamba chumbani watu wanalala tu yalikuwa kweli tupu kuhusu shemeji. Kuhusu mama hayakuwa kweli. Mama angekaa muda wa saa nane kila mchana, kwa siku saba, ndani ya kisanduku cha mita za mraba 15 hivi, taa ya umeme ikiwaka asubuhi mpaka usiku. Picha ya kamera haimulikii mtu msahafu. Kuna meli zilizojaribu kuutatua udhaifu huu kwa ufundi: Disney Dream ya mwaka 2011 ilitiwa skrini za duara mfano wa madirisha ya meli katika vyumba vya ndani, na kampuni ya Royal Caribbean mwaka 2014 ikaweka katika Navigator of the Seas skrini kubwa za kutoka sakafuni hadi darini zinazoonyesha bahari ya wakati huohuo. Miaka mingi kabla, Voyager of the Seas ya 1999 ilikuwa na vyumba vya ndani vyenye madirisha yanayotazama barabara ya maduka iliyo katikati ya meli. Ni mawazo mazuri yote. Meli yao haikuwa na hata moja kati ya hayo.

Nikamwambia dada: usinunue mandhari, nunua mwanga. Mwanga wa jua unapita hata penye boti. Hoja ikageuka, sasa ilikuwa kutafuta ni dirisha lipi, kwa sababu madirisha yaliyozibwa hayafanani hata kidogo, na hapa ndipo kazi ilipo.

Tuanze na kwa nini yamezibwa. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, ule uliozaliwa mwaka 1914 baada ya Titanic kuzama, unadai meli ya abiria ya safari ndefu za kimataifa iwe na boti za uokoaji za kutosha angalau asilimia 75 ya watu wote waliomo, nusu yake kila ubavu, na waliobaki wawe na mashua za mpira za kujaza upepo. Boti ya kawaida hairuhusiwi kupakia zaidi ya watu 150. Meli ya watu elfu tatu na ushei, abiria na mabaharia pamoja, inakuwa basi na msururu wa boti kila ubavu. Na hazipachikwi juu kabisa, kwa kuwa zikishushwa kutoka juu sana ni hatari. Mkataba unataka mikono ya chuma inayozishusha isipite mita 15 kutoka majini, kadiri inavyowezekana. Matokeo yake boti zinaning'inia katikati ya kimo cha meli, mbele ya madirisha ya watu. Sitaha hiyo iko karibu na kila kitu, na mtikisiko wake ni mdogo kuliko wa sitaha za juu. Kama si boti, bei yake ingepanda.

Ramani ya sitaha inayotolewa na kampuni huonyesha vyumba vilivyozibwa kwa rangi moja, na baadhi ya makampuni hutofautisha kilichozibwa kabisa na kilichozibwa kiasi. Rangi hiyo haitoshi. Mimi hutafuta picha ya meli yenyewe iliyopigwa ubavuni, ikiwa imefunga gati, na picha kama hizo ni nyingi. Nahesabu boti kutoka omo kwenda tezi, nahesabu madirisha yaliyo nyuma yake, kisha nalinganisha na namba za vyumba kwenye ramani. Ni kazi ya nusu saa na macho yanauma, lakini yanayoonekana hapo hayamo katika maelezo ya chumba. Kuna madirisha yaliyo nyuma ya tumbo la boti. Hayo yanatazama ukuta mweupe, basi. Kuna yaliyo kwenye pengo kati ya boti mbili; hapo kinachokatiza ni mkono wa chuma na kamba zake, na bahari inaonekana pembeni kwa upana wa dirisha nusu au zaidi. Kuna yaliyo mwisho wa msururu, kuelekea omo, yanayoitwa yamezibwa ilhali mbele yake kuna mlingoti mmoja tu. Na kuna tofauti ya kimo. Sitaha ikiwa sawa na tumbo la boti, boti inajaza dirisha. Sitaha ikiwa juu kidogo, unaangalia paa la boti lile la rangi ya chungwa, na juu yake unaona maji na mbingu.

Chumba cha kwanza alichopewa dada na mtambo wa kampuni kilikuwa nyuma ya tumbo la boti, katikati kabisa. Nikakikataa. Kulikuwa pia na njia ya bei rahisi zaidi, ya kulipia daraja la chumba bila kuchagua namba, kampuni ikupangie yenyewe siku za mwisho. Ilipunguza dola 30 kwa mtu. Kwa chumba cha ndani naikubali bila kufikiri, maana vyumba vya ndani ni ndugu. Kwa dirisha lililozibwa naipinga kwa nguvu zote: namba ya chumba ndiyo bidhaa, na huwezi kumwachia mwingine aichague. Tulipata chumba kwenye pengo, boti namba 9 kushoto kwake na namba 11 kulia kwake, hatua chache kutoka lifti. Boti za ubavu wa kulia wa meli huwa na namba witiri na za kushoto namba shufwa, kwa hiyo nilijua tuko kulia, upande wa bara wakati wa kwenda kaskazini. Na mlango wa chumba cha ndani cha shemeji ulikuwa ng'ambo ya pili ya ushoroba, unatazamana na wa mama.

Kwa hiyo familia moja, sitaha moja, wiki moja, vyumba vya aina mbili. Si mara nyingi mtu anapata nafasi ya kulinganisha hivyo, na nikamwomba dada anirekodie kila siku.

Siku ya kwanza baharini ilikuwa ngumu. Meli nyingi za Seattle hazipiti ndani ya visiwa mwanzoni. Hupita magharibi ya kisiwa cha Vancouver, bahari ya Pasifiki ikiwa wazi upande mmoja, na mawimbi marefu huja kutoka mbali. Mjukuu mdogo alilewa bahari. Ndani ya chumba kisicho na dirisha sikio linaambiwa chombo kinacheza na jicho linaambiwa ukuta umetulia, na tumbo ndilo linalolipa kwa ugomvi huo. Shemeji alimlaza gizani akadhani atapata nafuu; akazidi. Bibi yake akavuka ushoroba, akamchukua, akamkalisha kwenye ukingo wa kitanda chake mbele ya lile pengo kati ya boti mbili. "Usitazame maji, tazama kule mbali," akamwambia, maneno aliyoambiwa yeye akiwa msichana ndani ya jahazi la kwenda Lamu. Ule ukanda wa upeo, mpana kama kanga iliyokunjwa, ulitosha. Baada ya saa moja mtoto alikuwa anakula biskuti. Nisidanganye mtu: kwenda sitahani kungemsaidia vilevile, pengine zaidi, lakini nje kulikuwa na mvua na upepo, na dirisha lilikuwa hatua nne tu.

Usiku mambo yakageuka. Juneau, katikati ya Juni, jua linachomoza kabla ya saa kumi alfajiri na kuzama baada ya saa nne usiku. Katikati ya hapo hakuna kiza cha kweli. Jua halishuki hata nyuzi 9 chini ya upeo, wakati alfajiri yetu huhesabiwa jua likiwa nyuzi 15 mpaka 18 chini. Maana yake ile hesabu ya kawaida ya alfajiri na isha haifanyi kazi huko, na dada alikuwa ameuliza mapema kwa imamu wa msikiti wao akapewa utaratibu wa kufuata. Lakini kulala ni jambo jingine. Chumba cha ndani kilikuwa giza totoro. Shemeji, ambaye hufanya kazi zamu za usiku na kulala kwake ni taabu mwaka mzima, alisema hajawahi kulala vile tangu ahamie Marekani. Wavulana walilala mpaka saa tano asubuhi siku mbili mfululizo, wakakosa staftahi. Dada, mwenye dirisha, aliamshwa na mwanga saa kumi na nusu. Pazia la chumba chao lilikuwa zito, ila mama hakutaka lifungwe lote. Kwa usingizi, chumba cha ndani kilishinda, na hakikushinda kidogo.

Mama mwenyewe hakulalamikia mwanga hata siku moja. Alisema anaamka, anaona rangi iliyo juu ya paa la boti, anajua ni saa ngapi. Rangi ya kijivu, bado. Rangi ya maziwa, inakaribia. Akaniambia pia jambo la kibla lililonigusa. Sisi Mombasa kibla chetu ni kaskazini sawasawa, kwa kuwa Makka iko karibu juu ya mstari uleule wa longitudo. Ukiwa Alaska, ukifuata njia fupi ya duara la dunia, kibla kinarudi kuwa karibu kaskazini kabisa. Dira ya simu ndani ya meli ya chuma haiaminiki, ilikuwa inazunguka kama imepagawa. Basi alikuwa anatazama dirishani, anaona milima ya bara iko upande gani na mwanga unatoka wapi, anakisia kaskazini, anaweka mswala. "Kama nyumbani," alisema. Katika chumba cha ndani angeuliza mtu kila mara, au angefuata ramani ya televisheni. Kwa mwingine ni jambo dogo. Kwake ilikuwa tofauti ya kujitegemea na kutegemea.

Glacier Bay ilimthibitisha shemeji. Hifadhi hiyo hairuhusu zaidi ya meli mbili kubwa za kitalii kwa siku, na walinzi wa hifadhi hupanda melini kueleza abiria wanachokiona. Mbele ya mto wa barafu wa Margerie nahodha aliigeuza meli taratibu ili kila ubavu upate zamu. Familia yote ilikuwa sitaha ya juu, mama amefunikwa mablanketi mawili kwenye kiti. Hakuna aliyekumbuka dirisha. Mwenye kulipa dola 480 zaidi kwa dirisha wazi, au dola 1,440 zaidi kwa roshani, kwa ajili ya siku ile, angeshinda nje vilevile. Nasema hivi nikijua wapo wanaoipenda roshani yao, nao wana haki. Mimi nazungumzia fedha za familia iliyokuwa inahesabu.

Halafu Ketchikan, na hapa kuna kosa langu. Mkataba ule wa usalama unawataka mabaharia wa meli ya abiria wafanye zoezi la kuacha meli kila wiki, na kila boti ishushwe majini ikaendeshwe angalau mara moja katika miezi mitatu. Mazoezi hayo hufanyika bandarini, abiria wengi wakiwa wameshuka. Mama hakushuka, magoti. Alikuwa kitandani, hana ushungi, pazia wazi, aliposikia vyuma vinalia. Kugeuka, wanaume wawili wenye helmeti na maboya kifuani wako nje ya dirisha lake, hatua mbili kutoka alipo. Alishtuka vibaya. Walikuwa na kazi zao na hawakumwangalia, lakini stara ni stara. Nilijua kwamba boti hufanyiwa kazi. Nilijua kwamba watu hupita pale kuzikagua na kuzipaka rangi. Sikumwambia. Nilizungumza mwanga, pengo, namba za boti, nikasahau kwamba dirisha linalotazama boti ni dirisha ambalo watu wa boti nao wanaliona. Kioo cha meli mchana huakisi nje na hukuficha kiasi, lakini mtu akiwa karibu vile, au taa za ndani zikiwaka usiku, hakikufichi. Sasa kila mwanamke wa kwetu ninayemkatia chumba cha namna hiyo namwambia kabla hajalipa: pazia jepesi la ndani liwe limefungwa wakati wote, na saa za bandarini funga na lile zito.

Jambo la ajabu ni kwamba mshtuko huo ulifuatiwa na saa nzuri kuliko zote za chumba kile. Boti namba 9 ilipotelemshwa majini, dirisha likafunguka nusu nzima. Mama alijifunika, akasogeza kiti, akaona mji wa Ketchikan na msitu wake, ndege za majini zinapaa na kutua, na boti yake mwenyewe inazunguka bandarini chini kama kitoto cha bata. Alinipigia simu ya picha. Nilikuwa natoka kuswali isha, kwao asubuhi.

Tulipopiga hesabu na dada baada ya safari, hatukukubaliana kwa kila kitu. Yeye anaona zile dola 200 zilikuwa za mama peke yake, na kama angesafiri na mumewe wangechukua chumba cha ndani bila shaka, walale kama shemeji alivyolala. Namkubalia kabisa. Kwa watu wawili wenye miguu mizima, wanaotoka asubuhi na kurudi usiku, hasa Alaska wakati wa kiangazi, chumba cha ndani si cha kujinyima. Ni bora kwa usingizi, na fedha inabaki kwa ajili ya treni ya Skagway. Wabebe taa ndogo ya betri tu, maana giza la chumba kile ni giza la kutoona mkono wako, na mtu mzima akiamka kwenda msalani anaweza kujikwaa. Wavulana walikuwa wanaacha taa ya msalani inawaka, mlango umeachwa wazi kidogo.

Dada anaona pia kwamba tungelipia dirisha wazi, mama asingeshtushwa. Hapo ninasita. Chumba cha dirisha wazi kilichokuwa kimebaki kilikuwa omoni kabisa, sitaha ya chini, mbali na lifti. Omoni ndiko chombo kinakoinuka na kushuka zaidi, na siku ile ya kwanza kingewatesa. Dola 480 kwa mwendo mrefu zaidi na mtikisiko mkubwa zaidi, kwa mtu mwenye magoti yale, sidhani. Lakini kama kingekuwa katikati ya meli, karibu na lifti, na fedha ipo, ningempa, kwa sababu ya stara kuliko mandhari.

Dirisha la nyuma ya tumbo la boti, lile la kwanza tulilolikataa, nimelifikiria sana. Mwanga ungeingia, ukirudishwa na ubavu mweupe wa boti. Alfajiri yake angeiona kiasi. Upeo, milima, kibla, mjukuu kutulia tumbo, hivyo vyote angevikosa. Kwa dola 29 kwa usiku bado ningelichukua kuliko kumweka mama saa nane gizani, ila nisingejisifu nalo.

Siku ya mazoezi ya usalama, kabla meli haijang'oa nanga Seattle, mama aliuliza kama boti ya uokoaji atakayopanda ni ile ya dirishani kwake. Akaambiwa hapana, kituo cha kila abiria kimeandikwa kwenye kadi yake, na cha kwake kilikuwa upande mwingine wa meli. Hakuridhika. Wiki nzima aliita namba 9 boti yangu. Juzi dada alimwonyesha picha ya meli ileile, imefunga gati Seattle, na mama akaweka kidole kwenye simu akahesabu boti kutoka omo, moja moja, mpaka akafika kwenye lile pengo.